Kaseti Sita Kwetu, Sita Kwao

Kabla ya picha ilitangulia harufu. Televisheni ya babu ilikuwa na mgongo mrefu, na ukishaiwasha ulikuwa unangoja kwanza vumbi lililolala ndani yake lipate moto, ndipo chumba kizima kinanuka kama nguo iliyopigwa pasi kabla ya kukung'utwa. Halafu mashine ya video inameza kaseti: klak, kimya kidogo, kisha mvumo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mistari myeupe inapanda, inashuka, na nyuma yake zinatokea nyota. Kusema kweli hazikuwa nyota. Yalikuwa matundu yaliyotobolewa kwenye kitambaa cheusi, na taa ikawekwa nyuma. Leo naliona hilo wazi, hata kuna tundu moja limechanika likawa refu. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi, nimefungiwa ndani ya nyumba ya mtaa wa Nguba, mjini Bukavu, likizo nzima ya kiangazi, na lile tundu lililochanika lilikuwa nyota inayoanguka kwa ajili yangu, kila siku courant, yaani umeme, ikipatikana.

Niseme mapema kwa nini nilifungiwa, usije ukadhani nilikuwa mtoto wa adhabu. Babu yangu alikuwa na wake wawili na nyumba moja. Papa alizaliwa na mke wa kwanza. Tonton Déo, mdogo wake, alizaliwa na wa pili. Babu alipofariki, wake zake wote walikuwa wamekwisha kumtangulia, kwa hiyo zilibaki pande mbili zikitazamana, na nyumba ya matofali katikati, pale chini karibu na ziwa. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili kule juu Kadutu, kwenye mteremko ambao kila mvua ilikuwa inakula kipande cha uwanja wetu. Maman akisikia radi alikuwa anatukalisha watoto wote karibu na mlango, tumevaa viatu. Nyumba ya Nguba, kwetu, ilikuwa mahali ambapo mvua ingenyesha nasi tukaendelea kuvua viatu na kulala.

Wazee wa ukoo waliahirisha neno la nyumba mpaka mwisho wa kiangazi. Papa aliandika ukutani kwa rangi nyekundu PARCELLE HII HAIUZISHWE, yaani kiwanja na nyumba yake visiuzwe, na kesho yake Tonton Déo akaongeza chini kwa bluu HATA KIDOGO. Hapo tu ndipo walipokubaliana. Funguo alikuwa nazo Papa, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza babu, na alijua jambo ambalo kila mtu wa mji huu analijua: nyumba yenye ugomvi haiachwi bila mtu, hata saa moja. Unatoka kununua chumvi, unarudi unakuta godoro la mwenzako sebuleni. Na katika ukoo wetu kulikuwa na alama kubwa kuliko godoro, nayo ni sufuria. Mtu akishawasha moto ndani ya nyumba, akasonga bugali, akala, wazee wanamhesabu kuwa ni wa humo. Kumtoa ni sawa na kumnyanyua mtu kwenye sahani yake, na hakuna mzee anayetaka neno hilo litoke kinywani mwake.

Vitu vidogo vilikuwa vimekwisha kugawanywa. Mzee mmoja mwenye miwani aliifanya kazi hiyo kama mtu anayegawa karata: sahani huku, sahani kule, kiti huku, kiti kule. Friji ilikwenda kwao, televisheni na video vikabaki kwetu. Akafika kwenye kaseti. Zilikuwa kumi na mbili, zote za mchezo mmoja wa safari za nyota uliosemeshwa Kifaransa. Babu alizinunua zamani kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akaziandika namba kwa kalamu nyekundu. Yule mzee hakutazama namba. Moja huku, mbili kule, tatu huku, nne kule, mpaka zikaisha. Sisi tukabaki na mashine na hadithi yenye mapengo. Wao wakabaki na mapengo yenyewe, bila kitu cha kuyachezea. Hakuna mkubwa aliyeona kosa. Wakubwa walikuwa wanatazama masufuria.

Ah, mchezo ule! Chombo kilikuwa kimepotea njia katikati ya nyota, na ndani yake alikuwemo kapiteni mwenye masharubu ya gundi, ambayo akikasirika yalikuwa yanaachia upande mmoja. Alikuwemo profesa wa kike aliyevaa gauni la karatasi ya kung'aa, ile ya kuokea samaki. Alikuwemo pia mama mkwe wa kapiteni, ambaye hakuna aliyeeleza alipandia wapi. Milango ilikuwa inafunguka yenyewe, na ukitazama vizuri unaona vidole vya mtu anayeivuta. Adui zao walikuwa watu wa sayari nyingine, wamevaa vichujio vya jikoni kichwani. Na kila mara taa nyekundu ikianza kuwaka na kuzimika, kapiteni alikuwa anapiga kelele zilezile: mlango wa nje usifunguliwe! Nilikuwa namwelewa kuliko mtu yeyote Bukavu.

Maana na mimi amri yangu ilikuwa hiyohiyo. Nilikuwa nalinda nyumba pamoja na Tantine Faida, dada mdogo wa Papa, tumbo moja. Yeye alikuwa anafuma masweta na kucheka kwa sauti ya kutikisa vikombe, lakini hata yeye alikuwa amefungwa: mchumba wake alikuwa mwalimu katika kijiji cha Miti, nje ya mji, na tangu nyumba ianze kulindwa hawajaonana. Madirisha yalikuwa na vyuma. Kati ya ukuta wa jirani na mparachichi kulikuwa na kipande cha ziwa, chembamba kama mkanda wa suruali, na kutoka huko nilikuwa nasikia watoto wakijitupa majini. Nilijifunza kuwatofautisha kwa mlio: huyu mwembamba, huyu ameangukia tumbo. Siku moja mpira wao uliruka ukuta, ukadunda mbele, ukaingia jikoni kupitia tundu la moshi. Haukuweza kupita kwenye vyuma vya dirisha, na mlango siruhusiwi kufungua. Nikakaa nao mapajani.

"Weye mufungwa! Leta mpira!" wakaita kutoka barabarani.

"Mukuye kuuchukua!"

"Tupitie wapi? Hata weye haupitake!"

Walicheka mpaka wakachoka. Tantine aliporudi kutoka uani aliwatupia mpira wao, akaja akakaa karibu yangu. Baadaye akaniambia, "Weka ile kaseti yako. Tuende ku nyota."

Mwisho wa kaseti ya kwanza, mama mkwe anatumbukia kwenye shimo la watu wa vichujio. Mwanzo wa kaseti ya tatu ni malkia wao, amevaa taji, wanampepea. Katikati kuna nini? Hatukujua; Tantine alizitazama akiwa mdogo mno, hakukumbuka. Tulilizungumza jambo hilo wiki mbili, kama watu wanaotafuta ndugu aliyepotea.

"Tantine, ule maman alikuwaka reine namna gani?"

"Aliwapikia sombe, majani ya muhogo, kabisa. Mutu mwenye passoire ku kichwa, bibi yake anachujia na nini? Bale batu walikuwa na njaa."

Basi siku moja ya Agosti, mchana, Tantine alivaa kitenge chake cha harusi za watu, akajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikajua.

"Naenda Miti," akasema. "Mbele ya saa kumi na moja niko hapa. Mutu akibisha, weye hauko."

"Na kama ni Papa?"

"Papa yako iko ku chantier, anajenga. Usifungulie hata padri."

Alifunga kitasa, akanirushia ufunguo kupitia dirishani kwa ajili ya hatari ya moto, akashuka njia akikimbia kidogo kama msichana. Sikumlaumu. Sijawahi kumlaumu. Nikakaa peke yangu na nyumba nzima, nikaona jinsi mtu anavyoweza kuwa mdogo ndani ya kuta nne. Hata saa ya ukutani ilikuwa na sauti ya mtu anayetembea chumba cha pili.

Haikupita saa nzima nikasikia vidole kwenye vyuma vya dirisha.

"Nsimire, uko?"

"Siko," nikajibu, kama nilivyofundishwa.

Alikuwa Zawadi, mtoto wa kwanza wa Tonton Déo. Tulikuwa tumekaa dawati moja miaka mitatu, na tangu msiba hatukuruhusiwa hata kusalimiana. Alikuwa na sakoshi begani.

"Niko na mbili na ine. Na sita," akasema.

Nikasogea dirishani. "Tuko tunagombana, Zawadi."

"Bapapa njo bako nagombana. Siye tunaangalia tu."

"Pitisha mu dirisha, basi."

Akaitoa kaseti ya pili, akaiweka kwenye vyuma. Ilipita vizuri, nusu ikawa ndani. Nikanyoosha mkono, naye akairudisha.

"Nikikupa utaangalia peke yako, mi nasikilizia huku inje kama mujinga? Apana. Zinaingia na mimi."

Niliutazama mlango. Nilimkumbuka Papa, mikono yake, na viatu vyetu kule Kadutu. Nilimkumbuka pia yule mama anayetumbukia shimoni. Naandika haya nikiwa mtu mzima na bado sina la kujitetea: nilifungua kwa sababu nilikuwa na upweke, na kwa sababu nilitaka kujua.

Mnataka kujua na nyinyi? Watu wa vichujio walimzunguka mama mkwe kwa mikuki, yeye akapiga chafya, na meno yake ya bandia yakaruka yakaanguka chini. Wakaona mtu anayeweza kuvua mifupa yake na kuirudisha. Wakapiga magoti wote. Mimi na Zawadi tulicheka mpaka tukalala sakafuni, tukairudisha nyuma, tukaitazama tena. Tukaweka ya tatu, tukaweka ya nne. Mapengo yakajaa moja moja, na kwa mara ya kwanza kiangazi kile nilisahau kusikiliza watoto wa ziwani.

Halafu njaa ikauma. Tantine alikuwa ameacha sambaza kavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye sahani, na unga ulikuwepo.

"Unajua kusonga?" Zawadi akaniuliza.

"Yangu inatokaka na mabonge."

"Umekuwa mutoto wa batajiri ba Ibanda weye! Lete mwiko."

Aliwasha makaa kwenye babula, akapeperusha kwa mfuniko, akasonga kama mama wa nyumba. Mimi nilikuwa namsimulia kaseti ya tano. Niliona moto kwa macho yangu mawili na sikuwaza kitu, akili yangu yote ilikuwa juu huko na kapiteni. Mpaka bugali ikawekwa kwenye sahani, ikitoa moshi, na mkono wangu umekwisha kukata tonge, ndipo nikakumbuka. Mtoto wa upande wa pili amepika ndani ya nyumba. Tonge likanifia mkononi.

Mlango ulikuwa haujafungwa tena. Tonton Déo aliingia na wanaume wawili wa ukoo. Hakupiga kelele. Alifunua sufuria, akatazama, akamega kidogo, akachukua sambaza moja, akala akiwa amesimama.

"Zawadi, umepika muzuri," akasema. Kisha akawageukia wale wawili. "Mumeona."

Papa alifika kutoka kazini na simenti imekaukia mikononi. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Tantine aliingia nyuma yake kidogo, kitenge kimejaa vumbi jekundu la Miti, akaona babula, akaniona mimi kwenye kona, akaelewa yote kabla sijafumbua mdomo.

"Nani alifungua?" Papa akauliza.

"Ni mimi," Tantine akasema. "Nilitoka, nikasahau kufunga."

"Ulienda wapi?"

"Miti."

Papa alikwangua simenti kwenye kidole gumba. "Basi," akasema, "bakia kuko."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, fupi, na sikulisema. Tantine aliolewa Miti mwaka huohuo. Papa alimtuma mtu mwingine kumsimamia, na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga kwa dada yake.

Wazee waliigawa nyumba kama mwenzao alivyogawa kaseti. Ukuta ukapita katikati ya sebule. Papa ni fundi mwashi, na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mtu wa nje kuuweka sawasawa katikati, aliujenga mwenyewe, Tonton Déo akishika mwisho wa pili wa kamba. Siku tatu walifanya kazi bila kuongea, mmoja ananyoosha tofali, mwingine anatikisa kichwa: huku, kule. Tofali la mwisho lilipoingia, mwanga wa dirisha lao ukazimika kwetu. Tulihamia kwenye vyumba viwili, na mvua za kwanza Maman hakutuvisha viatu. Hiyo furaha niliipokea kama mtu anayekula chakula cha mwingine.

Ukuta haukumaliza ulinzi. Kila upande uliogopa mwenzake ataufungua na kuusogeza, kwa hiyo lazima mtu abaki ndani, na mtu huyo nikawa mimi. Shule niliishia katikati ya sekondari. Leo nina miaka ishirini na mitano, nashona nguo pale dirishani, karibu na mkanda wangu wa ziwa. Sina huzuni, kweli. Mimi hucheka haraka, na kwa kichwa nimefika Kisangani, nimefika baharini, nimefika hata kwa watu wa vichujio. Kwa miguu sijapitisha siku nzima nje ya nyumba hii. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa naona ni haki yangu kukaa, mimi niliyefungua.

Kiangazi hiki Zawadi alikuja dirishani, amenenepa, ana mtoto mgongoni. "Nipe zako sita," akasema. Nikamwuliza za nini, akasema kuna kijana mjini anayehamisha kaseti kwenye flash. Nikazipitisha kwenye vyuma moja moja. Jumapili akatuita wote upande wao, kwenye kompyuta yake: mimi, Papa, Tonton Déo ambaye siku hizi miguu inamsumbua, na kwa ajili ya ugonjwa huo yeye na Papa wameanza kusalimiana. Kutoka mlango wetu kwenda mlango wao ni hatua kumi, na hata hizo Papa alizipiga akigeuka nyuma mara mbili kutazama kitasa.

Kwa mara ya kwanza nikautazama mchezo kuanzia moja hadi kumi na mbili. Ni wa kuchekesha, jamani. Kuta za chombo zinatikisika mtu akifunga mlango. Nyoka wa kutisha ana zipu mgongoni. Wazee wangu wawili walibishana kama vijana.

"Tukiwa batoto, mi njo nilikuwaka kapiteni," Tonton akasema.

"Weye? Weye ulikuwa ule mama mukwe. Hata meno umeanza kukosa."

Katika kaseti ya kumi na mbili hewa ndani ya chombo inaisha. Kapiteni hana la kufanya, anaufungua mlango wa nje. Unakwama, anaupiga teke, na huko nje kuna majani ya kawaida na jua la kawaida. Mama mkwe anakaa chini, anavua viatu. Maandishi yanapita. Hakuna maelezo.

Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Nikasema, "Papa, ile siku, haikuwa Tantine. Alifunga. Ni mimi nilimufungulia Zawadi."

Kompyuta iliendelea kupiga muziki wake. Aliyejibu ni Tonton Déo, akiwa anajikuna goti.

"Na weye ulizani kaseti zilitoka zenyewe mu malle, sanduku yangu? Ile malle inakuwaka na kufuli. Siku ile nilimuona Faida anapanda gari ya Miti. Nikarudi, nikaacha kufuli wazi, nikamuambia Zawadi: dada yako Nsimire iko peke yake, na mashine iko kwabo."

Zawadi alimshusha mtoto polepole. "Papa. Nilikuwa chambo?"

Mzee alitazama miguu yake iliyovimba. Nilimshika Zawadi mkono. Miaka kumi na mitano kila mmoja wetu alikuwa ameishi na siku ile kwa namna yake: mimi nikidhani ni kosa langu, yeye akidhani ni mchezo wake mzuri kuliko yote, na Tantine akiwa ameibeba yote kwenda nayo Miti.

"Déo," Papa akasema mwishowe, "weye uko mubaya." Hakusema kwa hasira, alisema kama fundi anayesoma kipimo. Akaongeza, "Na mimi nilimufukuza Faida juu ya mulango wenye alifunga."

Hakuna aliyezima kompyuta. Jumamosi iliyofuata mume wa Zawadi alikuja na gari yake. Papa alivaa koti, akamsaidia mdogo wake kukaa mbele, na mimi nikafunga mlango wetu, Zawadi akafunga wao. Maman alikuwa sokoni, wengine makazini; ndani ya kuta zote hakubaki mtu, hata mtoto. Nilikaa nyuma na Zawadi na mtoto wake, ufunguo mkononi. Papa aliuliza kama tumefunga. Tulipouacha mji akauliza tena, na mimi nikamwonyesha ufunguo. Karibu na Miti, Tantine Faida, aliyeambiwa kwa simu kwamba tunakuja, alikuwa amesimama kando ya barabara, mnene zaidi, mkono juu ya macho kwa ajili ya jua, akitafuta ni gari gani. Papa alifungua mdomo kana kwamba atauliza mara ya tatu. Badala yake akamwambia dereva, "Simama. Nitashuka hapa, nitembee."